Nembo ya mtu mmoja: Kusoma lango la Bongwe

Jirani yangu hapa Bongwe ameweka lango jipya, na mwezi uliopita aliniita nikalitazame kabla halijapigwa rangi ya mwisho. Ni lango la chuma, kazi ya fundi mmoja wa Ukunda. Katikati fundi amechomelea ngao kubwa kama sinia la pilau. Kushoto na kulia kwa ngao wamesimama simba wawili walioshika mikuki. Juu kuna taji. Ndani ya ngao kuna muwa, kuna tezo ya mchongaji, na chini yake mistari mitatu iliyovunjika katikati kama herufi V. Chini kabisa kuna utepe wa chuma, na utepe huo ulikuwa mtupu.

“Mwalimu,” akaniambia, “wewe ndiye mtu wa Kiswahili hapa kwetu. Nipe maneno ya kuandika hapo. Yawe mafupi, maana fundi anatoza kwa herufi.”

Nilicheka. Naungama nilicheka. Nilidhani naangalia yale mambo ya kawaida ya mtu aliyemaliza nyumba akataka na ufalme kidogo. “Mbona wacheka?” akaniuliza. Sikuwa na jibu la maana siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu, na kwa kuwa ukumbi huu ni wa lugha, nitaanza na lugha.

Kiswahili chetu cha leo kina neno moja, nembo, ambalo tumelibebesha mizigo mingi mno. Alama ya benki ni nembo. Alama ya klabu ya soka ni nembo. Beji ya shule ni nembo. Na ile picha ya simba wawili, ngao, jogoo mwenye shoka na neno Harambee nayo ni nembo, nembo ya taifa, ambayo Katiba ya 2010 imeitaja katika Kifungu cha 9 pamoja na bendera, wimbo wa taifa na mhuri wa umma. Tunayo maneno mengine yanayokaribiana nalo: chapa, rajamu, mhuri, alama. Lakini chapa na rajamu zina harufu ya duka, mhuri una harufu ya ofisi, na alama ni neno la kila kitu. Kwa hiyo mtu akitaka kujitengenezea picha ya kumwakilisha yeye na kizazi chake, aliyonayo ni nembo tu, na msikilizaji hatajua kama mtu huyo amefungua kampuni au amejitangazia ufalme.

Huko Ulaya desturi hii ilianza na shida ya kweli. Katika karne ya 12, askari wa farasi walikuwa wanajifunika chuma mpaka usoni, na mtu aliyefunikwa uso hajulikani ni rafiki au adui. Ndipo wakaanza kuchora ngao zao, na kuvaa juu ya chuma joho lenye mchoro uleule. Baadaye mchoro ukawa mali ya mwenyewe, ukarithiwa na watoto, na zikaundwa ofisi za kuamua nani ana haki ya mchoro gani. Ofisi ya London ilipewa hati yake mwaka 1484 na inafanya kazi hadi leo. Kenya nayo haikubaki nyuma: Bunge lilitunga Sheria ya Chuo cha Nembo mwaka 1968. Jambo la kushika hapa ni moja. Katika desturi ile, nembo ilichukua nafasi ya uso. Uso umefichika, basi ngao iseme badala yake.

Sasa turudi kwenye neno letu. Ukifungua kamusi kongwe, mathalani ile ya Johnson ya 1939, nembo haina habari ya benki wala ya timu. Maana yake ni alama ya kabila inayotiwa mwilini, ndugu yake chale na tojo. Mtu alichanjwa, makaa yakasuguliwa kwenye jeraha, na kovu likabaki likisema huyu ni wa wapi. Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji wanaziita alama hizo dinembo, na hakuna haja ya msomi kuja kutuonyesha kuwa maneno haya ni ya ukoo mmoja. Walikuwa na mistari ya pembe kwenye mashavu, kipajini, kidevuni, wengine hadi kifuani na tumboni. Vinyago vyao vya mapiko vina michoro ileile, ili kinyago nacho kiwe na uso wa mtu.

Tazama basi jinsi neno lilivyosafiri. Ulaya ngao ilikuja kwa sababu uso umefunikwa. Kwetu nembo ilikuwa usoni tangu mwanzo. Halafu tukalichukua neno hilo la usoni, tukalibandika kwenye karatasi, kwenye sare, kwenye chupa ya soda, mpaka tukasahau lilikotoka. Mwanafunzi wa leo ukimwambia bibi fulani ana nembo shavuni atafikiri bibi anatangaza bidhaa.

Nimewataja Wamakonde kwa sababu jirani yangu ni Mmakonde. Baba yake alivuka kutoka Msumbiji enzi za Mwingereza akaja kukata miwa Ramisi, kama walivyokuja wengine wengi kwenye mashamba ya miwa na mkonge ya Pwani. Jirani yangu alizaliwa hukuhuku. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipokufa mwaka 1988, mzee aliendelea na kile alichokuwa akikifanya jioni miaka yote, kuchonga mpingo na kuwauzia watalii wa Diani. Alifariki akiwa Mkenya wa moyoni tu. Kwenye karatasi hakuwa wa popote.

Wasomaji watakumbuka habari zenyewe. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walifunga safari ya miguu kuelekea Nairobi kudai uraia. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwapokea na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Februari 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Jirani yangu alipata kitambulisho chake akiwa na mvi. Kabla ya hapo hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kufungua akaunti ya benki. Kiwanja hiki cha Bongwe kilikuwa kimeandikwa jina la mkewe, Mdigo wa hapahapa. Lango ninalolizungumzia ni kitu cha kwanza kikubwa alichokijenga baada ya hati kubadilishwa ikabeba majina yao wote wawili.

Baada ya kuyasikia hayo sikucheka tena. Lakini kumhurumia mtu si kuisoma kazi yake, na aliniita nisome. Kwa hiyo nilirudi langoni siku ya pili nikalisoma kama ninavyosoma shairi, kipande kwa kipande.

Nilitafuta istilahi za kulisomea nikazipata nyumbani, kabatini mwa mke wangu. Leso, au kanga kama wengine wanavyoiita, ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maandishi. Hebu ona ukamilifu wa maneno haya. Mahali penye picha kuu tumepaita mji, mahali watu wanapokaa. Maneno yaliyo chini ya mji hatukuyaita kaulimbiu wala wito. Tumeyaita jina. Leso yoyote haina maana kamili mpaka ipate jina, na mwanamke anayeinunua huchagua jina kwanza, rangi baadaye. Wataalamu wetu wanaotafuta istilahi za elimu ya nembo wanaweza kuanzia hapo. Pindo, mji na jina zinatosha kuieleza ngao yoyote duniani.

Tuanze na pindo la lango, yaani simba na taji. Hapa nina malalamiko. Simba wale wawili fundi aliwatoa kwenye sarafu. Aliitia shilingi mfukoni akaenda nayo kiwandani kwake, akawachora kama walivyo, mikuki na yote. Ni simba wa taifa. Nembo ya taifa inalindwa na sheria, na hata pasipo sheria, kuivua nembo ya watu wote mavazi yake ukamvika mtu mmoja ni kosa la maana. Mikuki ile ni ya kulinda ngao yenye jogoo, si ngao yenye muwa.

Taji ni kosa kubwa zaidi. Taji la nani? Ramisi ya wakati baba yake anakata miwa ilikuwa kwenye ukanda wa Pwani ambao kwa karatasi ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar na kwa vitendo ukitawaliwa na Mwingereza, mpaka 1963. Mzee alifanya kazi chini ya wafalme wawili na hakuna hata mmoja aliyemwandika daftarini kuwa ni mtu wake. Kuweka taji juu ya muwa ule ni kumvisha mkata miwa kofia ya aliyemkatisha. Nilimweleza hivyo jirani yangu. Alinyamaza, akasema fundi ndiye aliyelipendekeza, kwamba nembo isiyo na taji ni kama harusi isiyo na kofia.

Kwenye mji, yaani ndani ya ngao, mambo ni tofauti kabisa. Muwa ni kazi iliyomleta mzee. Tezo ni kazi iliyomlea mtoto. Vitu viwili tu, na kila kimoja kina sababu. Hakuna chui wala tai wala upanga, ingawa fundi alikuwa na michoro yake yote tayari kwenye simu. Nembo nzuri ya mtu binafsi husema machache yaliyo ya kweli. Mtu akiuliza “kwa nini muwa?” awepo wa kumjibu.

Ile mistari mitatu nilidhani ni mapambo ya kujazia nafasi. Niliuliza. Jirani yangu aliweka vidole vitatu shavuni mwake, akavivuta kwenda chini kisha juu. Ni nembo ya baba yake. Aliichora mwenyewe kwa chokaa kwenye sakafu ya karakana, kwa kukumbuka, maana picha ya mzee hana. Mtu asiye na kitambulisho hana sababu nyingi za kwenda studio.

Hapo ndipo lango lile liliponifunza neno ambalo nimelifundisha wengine kwa miaka mingi bila kulijua. Katika kazi yote ile ya chuma, mistari mitatu ndiyo nembo. Mengine ni picha. Neno limerudi kwenye maana yake ya kwanza, likatoka usoni likaenda kwenye ngao, safari ileile ya wale wapanda farasi wa Ulaya, ila kwa sababu nyingine: uso huu haukufunikwa na chuma, umefunikwa na udongo.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fasihi, nilipomsimulia alisema ninatia chumvi. Kwa maoni yake lango ni lango, na mtu anayechukua ngao ya Mzungu kumkumbuka baba yake Mmakonde ameshapotea njia kabla hajafika mlangoni. Hoja yake ina uzito, lakini namkumbusha kisa kimoja anachokijua. Mzee John Shakespeare, mtengeneza glavu wa Stratford, aliwahi kuomba nembo kwa ile ofisi ya London, shauri likalala. Mwaka 1596, baada ya miaka mingi, ombi likafufuliwa na nembo ikatolewa kwa jina la baba, mtoto wake William akiwa tayari na jina kwenye michezo ya kuigiza. Ngao ya dhahabu, mstari mweusi wa mshazari, na juu ya mstari mkuki. Picha hiyo ni mchezo wa maneno, kwa kuwa jina lao linasikika kama “tikisa mkuki”. Maneno yaliyofuatana nayo maana yake ni “si bila haki”. Na bado mwaka 1602 ofisa mmoja wa ofisi ileile alinung'unika kwamba nembo zinagawiwa watu wasiostahili, na mcheza maigizo huyo akamtaja. Kwa hiyo hata kwa wenye desturi yao, nembo ilikuwa ndiyo mahali pa kubishania nani anahesabiwa mtu na nani hahesabiwi. Mtoto alimtafutia baba utambulisho ambao baba alinyimwa. Sioni kwa nini Stratford iitwe historia na Bongwe iitwe kuiga.

Hatari ninayoiona iko kwingine. Nilipokuwa nikitazama ile mistari, fundi alisema imempendeza, na kwamba ana mteja mwenye nyumba ya wageni ufuoni anayetaka kitu “cha Kiafrika”. Ataiweka hiyohiyo. Jirani yangu hakusema kitu. Mimi nilikumbuka vigango, zile nguzo za mbao zinazochongwa Mijikenda kaskazini, hasa kwa Wagiriama, kumsimamia mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Kila kigango ni cha mtu, kimesimamishwa na watoto wake. Vingi viliibwa, vikauzwa, vikapamba sebule na majumba ya makumbusho ya Marekani kama sanaa isiyo na mwenyewe. Mwaka 2007 viwili vilirejeshwa, na vingine vikafuata baadaye. Aliyekuwa navyo ng'ambo alikuwa na mbao nzuri sana. Kigango hakuwa nacho, kwa kuwa kigango ni mbao pamoja na jina la mtu na watoto wanaomjua. Nilimwambia fundi hivyo kwa lugha nyepesi: shavu la mzee wa watu si mtindo wa lango. Amekubali, au amesema amekubali.

Turudi kwenye utepe mtupu. Nilikuwa nimekwenda na methali zangu mfukoni. Subira huvuta heri. Mwacha asili ni mtumwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jirani yangu alizisikiliza zote kwa adabu, kama mtu anayeonjeshwa machungwa sokoni na hanunui. Methali ni za kila mtu, na yeye alikuwa amechoka na vitu ambavyo ni vya kila mtu isipokuwa yeye.

Nikamuuliza, mzee alikuwa akipenda kusema nini? Akafikiri.

“Baba hakuwa msemaji. Lakini enzi zile askari akimsimamisha barabarani, amwambie ‘Mzee, kitambulisho’, baba alikuwa anajigusa hapa.” Akagusa shavu. “Anasema, ‘Hiki hapa.’”

“Na askari?”

“Siku nyingine wanacheka wanamwachia. Siku nyingine analala ndani.”

Tulikubaliana palepale kuwa hayo ndiyo maneno. Halafu mimi, kwa maradhi ya kazi yangu, nikaleta sarufi. Nikasema kwenye lango maneno yanaielekeza ile mistari, na mistari ni nembo, na nembo ni ngeli ya I-ZI. Kwa hiyo iandikwe “Hii hapa”. Mpita njia akisoma “Hiki hapa” atauliza, kipi? Hakuna nomino ya KI-VI inayoonekana.

“Mwalimu,” akasema, “si ndiyo maana? Aulize.”

Nimelifikiria jibu hilo tangu siku ile, na nakubali nimeshindwa. Upatanisho wa kisarufi ni kumbukumbu. Kiambishi ki- katika “hiki” kimebeba kitambulisho ambacho mzee hakuwahi kukishika mkononi. Ukiondoa ki- ukaweka i-, unamsahihisha mzee na kumfuta kwa pamoja. Majina ya leso hufanya kazi kwa namna hiyohiyo: anayepita husoma maneno, anayehusika husoma fumbo. Na jina la nembo likieleweka na kila mpita njia bila kuuliza, basi huenda halimhusu mtu yeyote.

Taji limekatwa, nyundo mbili tatu likaanguka. Mikuki nayo imeondolewa. Simba nilitaka waondoke pia, lakini hapo jirani yangu aligoma. “Miaka sitini nimekaa bila simba hao mfukoni,” alisema, akimaanisha wale walio kwenye kadi ya kitambulisho. “Waache wakae.” Kama mhakiki bado naona wangetoka. Kama jirani nimewaacha.

Fundi alipiga hesabu ya herufi. Hiki hapa: herufi nane. Amezichomelea juzi.